Hivi baraka zikiondolewa, bado tungemtii Mungu? Jamaa yangu kaacha kanisa

mwana wa Uyole

Shalom wakuu. Naombeni mnisaidie hili maana limenikaa kichwani na sitaki kulipeleka kwa mchungaji kabla sijalielewa mwenyewe.

Nina jamaa yangu tumeimba naye kwaya ya vijana mpaka tumekuwa watu wazima, wote besi. Ana fremu ya spea za pikipiki pale Mwanjelwa, au niseme alikuwa nayo, maana mwenye nyumba keshaweka kufuli lake, kodi ya miezi sita haijalipwa. Na huyu si mlokole wa mdomo. Kuna bosi wa mradi fulani alimwambia asaini risiti za spea ambazo hazijatoka dukani ili wagawane, akakataa, tenda ikaenda kwa mwingine na huyo mwingine leo ana fremu mbili. Fungu la kumi analitoa kabla hajanunua hata unga. Sasa Jumapili kadhaa hajaonekana, nikaenda kwake jioni, hatujaongea sana akaingia ndani akatoka na kaunta buku.

Kaichora mstari katikati kwa rula. Kushoto alichotoa, kulia Mungu alichofanya. Kushoto kumejaa, fungu la kumi 38,000, sadaka ya jengo 100,000, mbegu ya mlango wa biashara 200,000, mfungo wa Januari, kila kitu na tarehe yake. Kulia kuna vitu vichache, mtoto kapona taifodi, mwenye fremu kasogeza kodi, afu kuanzia katikati ya mwaka jana hamna kitu, karatasi nyeupe. Akaniambia "mimi upande wangu nimemaliza, niambie wa kwake uko wapi". Sikuwa na jibu, nikanywa chai nikaaga.

Kila niliyemuuliza ananijibu "mwambie ampende Mungu kuliko baraka". Sawa. Lakini hilo daftari alifundishwa na nani kuliandika? Si sisi? Kumbukumbu la Torati 28 tunaisikia kila mwaka mpya, ukitii utakuwa kichwa wala si mkia, na ushuhuda unaopanda madhabahuni ni wa gari, kiwanja, mchumba. Sijawahi kuona mtu anapanda anasema mwaka huu sijapata kitu ila namjua Mungu kuliko mwaka jana, na nadhani akipanda MC atamnyang'anya maiki. Sasa baraka za utii zipo kwenye Biblia au hazipo? Kama zipo, kosa la jamaa liko wapi? Na huko "kumtaka Mungu mwenyewe" kunakuwaje kwa mtu anayedaiwa na watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kali? Msinijibu kwa amina amina.

Kiraka Namba 9

Malaki 3:10 Mungu anasema leteni zaka "mkanijaribu". Kajaribu. Majibu ndo hayo. Mnamlaumu nini sasa?

Binti Sayuni

Mwambie asikate tamaa mpendwa, wakati wa Mungu ndio wakati sahihi, mlango wake uko karibu sana kufunguka, aendelee kutoa tu.

mwana wa Uyole

Dada asante ila hilo ndilo analoambiwa siku zote. Ni kumwongezea mstari mwingine upande wa kushoto.

Karani Mstaafu

Mleta mada umeuliza vizuri. Nitaandika kirefu mnivumilie, na macho yenyewe ya kuandikia simu sina.

Watu wanakimbiliaga Ayubu, mimi nakupeleka Kutoka 33. Waisraeli wametoka kumwabudu ndama, Mungu amekasirika, afu anamwambia Musa kitu ambacho ukisoma haraka unakipita. Anasema haya nendeni, nchi niliyomwapia Ibrahimu na Isaka na Yakobo nawapa, nchi ya maziwa na asali, malaika namtuma awatangulie, Wakanaani na Waamori na Wahiti nitawafukuza, LAKINI mimi siendi pamoja nanyi. Rudia kusoma hapo. Hajaondoa baraka hata moja! Ardhi ipo, ulinzi upo, maadui wanaondolewa, hata malaika yupo. Chukua hiyo ofa uipeleke kwenye mkesha wowote wa mwaka mpya hapa mjini, watu watapiga vigelegele mpaka kunakucha na hakuna atakayestuka kwamba kuna kitu kimepungua.

Ila wale watu, pamoja na ujinga wao wote wa ndama, waliposikia walisikitika na hakuna aliyevaa mapambo yake. Biblia inaziita habari mbaya. Yani kupewa nchi nzima bila Mungu ni habari mbaya. Na Musa akajibu "Uso wako usipokwenda pamoja nami, usituchukue kutoka hapa". Hapa penyewe ni wapi? Jangwani. Hakuna shamba, maji ya shida, chakula ni mana kila siku. Anasema bora tubaki hapa hapa na wewe kuliko kwenda kule bila wewe.

Sasa baraka za utii zipo? Zipo sana, asikudanganye mtu. Ila mabango yetu yanaishia mstari wa 14 na sura ya 28 ina mistari 68, na lile lilikuwa agano na taifa zima linaloingia nchi, halikuwa mkataba wa mtu mmoja na fremu yake. Halafu kitabu hichohicho, sura ya 8, Musa anawaonya hatari ambayo sisi hatuiombei hata siku moja, kwamba mtakula mtashiba, mtajenga nyumba nzuri, ng'ombe na kondoo wataongezeka, fedha itaongezeka, ndipo moyo utainuka mtamsahau BWANA mtasema ni nguvu zetu. Mimi nimekaa kanisani muda mrefu. Waliokimbia kwa kukosa kama jamaa yako nimewaona, lakini waliopotea kwa kupata ni wengi zaidi. Kaombewa kazi kaipata, sasa ana zamu za Jumapili. Kapata gari, wikendi yuko shamba Usangu. Na hao hakuna anayewafungulia uzi, kwa sababu Krismasi wakija wanatoa bahasha nene.

Kwa hiyo shida ya hilo daftari sio kwamba kulia hamna kitu. Hata kungejaa mpaka jalada la nyuma, shida ingekuwa ileile, ila hapo asingekuonyesha, angepandishwa madhabahuni kutoa ushuhuda na wewe ungempigia makofi.

Fundi Bomba

Mzee Karani heshima kwako ila mimi kila nikisikia "mtafute mtoaji usitafute vipawa" huwa naangalia anayesema amepaki nini nje.

Mtu anayekula milo mitatu hana mdomo wa kumfundisha anayekula mlo mmoja aridhike na uso wa Mungu. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Ishirini! Na wale hawakuwa wachoyo jamani, ni watu wana wagonjwa, wana madeni, wana mabinti hawajaolewa, wameambiwa uponyaji na mafanikio yako pale chini hatua chache mbele yako. Ndo maana nasema ukimfundisha mtu miaka na miaka kwamba Mungu anaonekana kwenye KITU, afu siku kitu kikikosekana unamwambia ah unajua Mungu ni zaidi ya vitu, huo ni utapeli wa pande zote mbili. Umekula sadaka yake wakati anatumaini na umemnyamazisha wakati analia.

Na Yesu mwenyewe kaweka mkate wetu wa kila siku kwenye sala. Hakusema mkate ni mambo ya mwilini.

Karani Mstaafu

Fundi mimi nje nimepaki baiskeli haha. Kwenye mkate nakuunga mkono mia kwa mia, anayekataza watu kuomba mkate anajifanya mtakatifu kuliko Yesu. Ila hesabu hiyo sala. Jina lako litukuzwe, ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe, NDIPO mkate. Upo, ila ni wa nne. Sisi tumeugeuza mkate ukawa sala nzima na yale matatu tunayapita mbio kama matangazo ya kanisani.

Kiraka Namba 9

Sasa mzee mbona unakubali kila kitu

Karani Mstaafu

Uzee.

Mama Koku

Wanangu hamjambo. Fundi nimekusoma na ya Moshi yaliniuma sana, ila usiseme haya ni mahubiri ya walioshiba. Sisi wa Kagera tumelelewa na watu wa uamsho, ule wa miaka ya 1930 ulioanzia Gahini kule Rwanda ukaingia Uganda ukaja mpaka kwetu. Mama mkwe wangu alikuwa wa hao. Nyumba ya nyasi, migomba, mbuzi wawili watatu. Akisimama kwenye ushirika hajawahi kusema nimepata hiki au kile, anasema Yesu amenionyesha jambo moyoni mwangu nimetubu. Kuna siku alirudisha sufuria. Alikuwa ameikatalia kwa jirani zamani kabla hajaokoka akasema ni ya kwake, basi akaifunga kitambaa akajitwika mchana kweupe watu wanamwangalia akaenda kuirudisha, na yule jirani akamtukana juu. Akarudi anaimba! Mimi bibi arusi mgeni nikawaza hii familia nimeolewa na vichaa.

Mnauliza kumtaka Mungu mwenyewe kunakuwaje. Mimi sijui theolojia, nawaambia nilichokiona. Sala yake ya alfajiri alikuwa haombi KITU. Anasoma zaburi moja kwa sauti, anashukuru, ananyamaza kidogo, anachukua jembe anaenda. Mahitaji yote, wagonjwa, ada, mvua, anayaombea jioni. Nilimuuliza siku moja akanijibu asubuhi naenda kumwamkia, kwani mtu anamwamkia mkwe kwa kuomba chumvi? Na alizika watoto wake, msidhani alikuwa na maisha mepesi.

Halafu mkumbuke Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kuhusu watu wanaouawa na kupotea, na walijua wanaandika kwa nani. Februari 1977 akauawa, serikali ikatangaza ajali ya gari. Ule si utii? Daftari la namna hiyo upande wa kulia mngeandika nini? Na vijana wa Namugongo hukohuko Uganda 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa motoni pamoja kwa imani yao, wengine walikuwa wamebatizwa siku chache tu kabla, hata hawajakaa kwenye ukristo wakaona faida yake. Walichokuwa nacho ni Yeye tu, na waliona kinatosha kutembea nacho mpaka pale.

Ila mleta mada, mwanangu, HAYA USIENDE KUMWAMBIA RAFIKI YAKO SASA HIVI. Mtu kafungiwa fremu unampelekea mashahidi wa Namugongo? Mpelekee unga.

Fundi Bomba

Mama Koku shikamoo. Hapo umeongea na mimi. Shida yangu sio watu wa sufuria, shida yangu ni wa maiki.

Mama Koku

Marahaba baba.

Mwl wa Jumapili

Nimechelewa uzi mtamu. Naongeza mawili tu.

Mzee Karani kamkwepa Ayubu, mimi namrudisha kidogo maana swali la huu uzi ndo lile Shetani aliuliza sura ya kwanza, "Je! Huyo Ayubu yuamcha BWANA bure?" Shetani hakusema Ayubu ni mwizi au mzinzi, alikubali kabisa kwamba anatii, alichotilia shaka ni anatii kwa sababu gani. Sasa wahubiri wetu wanapenda mwisho wa kitabu, maradufu, kondoo 14,000 ngamia 6,000. Ila tazama mpangilio. Sura ya 42 mstari wa 5 anasema nilikuwa nimekusikia kwa masikio, sasa jicho langu linakuona. Mali zinarudi kuanzia mstari wa 10. Pale kwenye mstari wa 5 kondoo hawajarudi, watoto hawapo, majipu hatujaambiwa yamepona, na hajaahidiwa kwamba chochote kitarudi, na hapo hapo ndo anatulia. Alichokuwa anakitafuta sura zote zile kumbe hakikuwa ngamia. Ngamia walikuja baadaye, na ni wazuri tu, Mungu hana ubaya na ngamia.

Na mstari wa 7 Mungu anawakasirikia wale marafiki, wakati wao ndo walikuwa upande wa "kumtetea" Mungu kwa kanuni, ukitii unapata, ukikosa chunguza umekosea wapi. Anawaambia hamkunena yaliyo sawa kama mtumishi wangu Ayubu. Ayubu aliyekuwa anafoka na kudai apelekwe mahakamani na Mungu! Kwa hiyo mkuu, hilo daftari lisikutishe kihivyo. Mtu anayemwona Mungu hayupo haandiki madai. Tatizo langu ni moja, kakuonyesha wewe. Alipeleke kwa mwenyewe, aliweke mezani usiku aongee nalo kwa sauti, hata kwa hasira.

La pili, zaka, yani fungu la kumi. Wote tunajua Malaki 3:10 inasema iletwe ghalani, ila sababu imeandikwa hapo hapo, ili kiwemo CHAKULA. Na Kumbukumbu 14:28-29 inasema kila mwisho wa mwaka wa tatu zaka inawekwa malangoni, na Mlawi na mgeni na yatima na mjane wanakuja wanakula wanashiba. Yani ghala lilikuwa na mlango wa kuingizia na wa kutolea. Huyu mtu kaingiza miaka yote. Leo kakwama, kanisa limekaa linasubiri arudi na bahasha? Mistari mingi ya upande wa kulia wa daftari lake ilitakiwa iandikwe na nyie besi wenzake.

Kiraka Namba 9

Duh. Mwalimu leo umeua.

Binti Sayuni

Nauliza kwa nia njema, sasa mtu akibarikiwa asishuhudie? Maana mimi Mungu kanipa kazi baada ya kufunga na nikisema naonekana kama napenda vitu.

Mwl wa Jumapili

Shuhudia dada, tena kwa sauti. Wale wakoma kumi Luka 17 wote walipona, na wote walitii maana waliambiwa nendeni mkajionyeshe kwa makuhani wakaenda, wakapona wakiwa njiani. Tisa hawakuvunja amri yoyote, wameendelea na safari waliyoagizwa. Mmoja tu akakatisha akarudi kwa aliyemponya, na alikuwa Msamaria. Wewe ukishuhudia, fanya watu watoke pale wanamuulizia huyo Yesu, wasitoke wanauliza ulifunga siku ngapi.

mwana wa Uyole

Wakuu nimerudi. Nimesoma zote, nyingine mara mbili mbili. Nilifuata ya Mama Koku kwanza, nikaenda na unga na mafuta ya kupikia, sikubeba Biblia wala andiko kichwani, nikakuta anatengeneza pikipiki ya mtu barazani kwa hela ya kula. Tukakaa. Yeye mwenyewe ndo akaanza kuongelea daftari, kwa hiyo nikamwambia ile ya Kutoka 33, nikamuuliza kabisa, ungeambiwa fremu inafunguliwa, madeni yanafutwa, tenda inarudi, malaika analinda duka, ila mimi siji, ungechukua?

Akakaa kimya anafuta spana. Afu akasema "kwa hali yangu ya leo ningechukua nchi kwanza, mengine tungeongea tukishafika".

Nikacheka na yeye akacheka, sijamwona anacheka siku nyingi. Ila baadae wakati ananisindikiza akasema kitu kingine, kwamba kinachomuuma zaidi sio fremu. Zamani usiku akifunga hesabu za duka alikuwa anabaki kidogo anaimba peke yake, nyimbo zetu zile za kwaya, na hajui aliacha lini, anadhani aliacha kipindi kile alichoanza kuandika daftari. Hilo sikumjibu. Kiukweli na mimi nilijikuta nahesabu.

La zaka nimempelekea mhazini. Kaguna, kasema mfuko wa diakonia upo lakini ni wa wajane na wagonjwa, mfanyabiashara hajawahi kusaidiwa, itabidi iende kikao cha wazee. Nikamwambia huyo mfanyabiashara mnaemsema jengo lenu lina bati zake.

Karani Mstaafu

Hapo kwenye kuchukua nchi kwanza, mwambie nimempenda. Wengi wetu tungejibu kama Musa kwa mdomo na tungekuwa tumeshapakia mizigo. Amwambie Mungu maneno hayohayo, bila kuyapiga pasi.

Mama Koku

Na aimbe tena hata kama hana raha. Wewe nenda mkaimbe wote, si mlisema ni besi.

Fundi Bomba

Kikao cha wazee ni lini? Na watu wa kausha damu wanamdai kiasi gani kwa siku, maana ile ndo inamla. Mwambie asikope kwingine kulipa hiyo. Kama spana anazijua kuna vijana wa bodaboda huku Soweto wanatafuta fundi wa kuaminika, nipe taarifa inbox niwaunganishe.

mwana wa Uyole

Alhamisi. Nakuja inbox sasa hivi mkuu.